Mazishi ya Mheshimiwa Kabuche

TANGAZO KWA UMMA. Mamlaka ya Uratibu wa Kanda inapenda kuwajulisha wananchi wote wa Tabora, Sikonge, Urambo na vitongoji vyake kwamba tamthilia ya televisheni iitwayo "Mlango wa Tatu Kulia" haijaharibika. Kilichotokea ni kwamba ubora wake umepanda kwa kasi ambayo watazamaji, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa Mamlaka, wameshindwa kuifikia. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu na kuendelea kutazama.

Tangazo hilo aliliandika Bwana Wilbroad kwa kalamu yake mwenyewe, akalisoma mara tatu, na mara ya tatu akaguswa.

Bwana Wilbroad alikuwa Kaimu Mkurugenzi wa Mamlaka. Huu ulikuwa mwaka wake wa saba wa kukaimu. Walioajiriwa naye siku moja walikwisha kustaafu na kufungua vibanda vya soda, yeye bado anakaimu. Kwenye kibao cha mlango wake neno KAIMU lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya mafuta, na jina lake kwa chaki. Kwa kuogopa kwamba siku moja angekuta chaki imefutwa, muhuri wa ofisi alitembea nao. Aliuvisha soksi ya kijivu, akautia mfuko wa ndani wa koti, na hata kanisani, wenzake walipojigusa kifuani kwa toba, yeye alikuwa anahakikisha kama upo.

Kazi ya Mamlaka ilikuwa kuratibu mambo ambayo wengine walikwisha kuyaratibu. Kibali cha kurina asali Sikonge kilipita kwake. Ombi la kalavati la Kwihara lilipita kwake. Barua ya kuezeka zahanati ilipita kwake. Kupita, katika lugha ya Mamlaka, ni kuingia. Mwananchi alielekezwa mlango wa tatu kulia, akamkuta Bwana Wilbroad akifuta miwani kwa ncha ya tai, akaeleza shida yake, na Bwana Wilbroad akamjibu kwa neno moja lililojaa upole: "Tumelipokea."

Kituo kidogo cha televisheni cha mjini nacho kilikuwa chini ya Mamlaka, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukiweka kwingine. Hapo ndipo tamthilia ilipozaliwa.

Aliyeizaa aliitwa Zuwena. Babu wa babu yake alikuwa Mzaramo, alipanda na misafara kutoka pwani na mzigo kichwani, akafika Tabora, miguu ikakataa habari ya kurudi. Zuwena mwenyewe alikuwa na kibanda nje ya geti la Mamlaka, akiwachapia watu barua za maombi. Kila barua alibaki na nakala yake. Baada ya miaka ya kuchapa maombi yasiyojibiwa, vidole vyake vilianza kuchapa majibu, na majibu yakawa tamthilia.

Mhusika mkuu alikuwa Mheshimiwa Kabuche, bosi wa ofisi iliyo mlango wa tatu kulia. Aliigizwa na Raymundi, fundi baiskeli wa Kwihara, mwenye tumbo la heshima na sura ya mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kabuche alipokea barua akazifungia kabatini. Alifuta miwani kwa tai. Alificha muhuri kwenye soksi. Na kila aliyemletea shida alimwambia, "Tumelipokea."

Bwana Wilbroad aliipenda tamthilia hiyo kupita kiasi. Alipoona Kabuche naye anafuta miwani kwa tai, alifurahi kugundua kwamba ni desturi ya viongozi wote. Alipoona soksi, alimwambia katibu muhtasi wake, Josepha, "Unaona? Hata kwenye runinga wanajali usalama."

"Naona, bosi," alisema Josepha, akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Kila Alhamisi saa moja jioni mji ulisimama. Kwenye kijiwe cha kahawa, mzee Abdulatifu aliinua birika akabaki nalo hewani, na wateja walisubiri hivyo hivyo, vikombe vimenyooshwa, mpaka Kabuche amalize. Mafundi wa Urambo walifunga karakana mapema. Watoto waliigiza "tumelipokea" walipotumwa dukani, wakachapwa, wakarudia.

Kosa la tamthilia lilikuwa kusifiwa. Mkurugenzi Mkuu aliyepo makao makuu aliandika barua kuipongeza, na barua ikamfikia Bwana Wilbroad. Mpaka siku hiyo alikuwa amepitisha sehemu arobaini bila kusoma hata moja. Sasa akaona kwamba kitu kinachosifiwa na wakubwa hakiwezi kuachwa bila usimamizi. Akaunda Kamati ya Uboreshaji wa Tamthilia, wajumbe kumi na mmoja, na kumtaka Zuwena alete kila muswada katika nakala kumi na moja, wiki sita kabla hajauandika.

Zuwena akajibu kwa barua ya mstari mmoja: "Mimi naondoka. Kazi njema." Kamati ilikaa vikao vitatu kuijadili, kwa sababu haikuwa na kumbukumbu namba, na bila kumbukumbu namba haikuwezekana kuthibitisha kwamba ameondoka. Wakati huo Zuwena alikuwa amekaa kibandani kwake, hatua arobaini kutoka dirishani, anachapa.

Uboreshaji ukaanza. Sehemu ya arobaini na moja, Kabuche alifungua kikao. Sehemu ya arobaini na mbili, alikifunga. Sehemu ya arobaini na tatu, muhtasari ulisomwa wote, na ya arobaini na nne ukasahihishwa. Binti wa Kabuche na yule karani wake, ambao kanda nzima ilikuwa inawasubiri washikane mikono, sasa waliruhusiwa kutazamana mbele ya shahidi, baada ya kusaini kitabu cha mahudhurio. Kamati ikaamua pia kwamba kuwa na mwizi ndani ya tamthilia ni kuashiria kwamba wezi wapo. Mwizi akafutwa. Wizi wenyewe ulibaki, kwa kuwa ulikwisha kupigwa picha. Kwa hiyo Alhamisi moja watazamaji waliona mifuko thelathini ya saruji ikitoka stoo yenyewe, na mlinzi akiipigia saluti.

Tena, kila mjumbe alidai walau sentensi moja iwe yake. Ndiyo sababu Kabuche, akiombwa chumvi mezani, alijibu kwa sentensi kumi na moja, ya kwanza ikiwatambua wageni waliohudhuria.

Josepha alitumwa kugawa dodoso. "Je, umefurahishwa na tamthilia? (a) Ndiyo. (b) Ndiyo sana. (c) Nitafurahi." Madodoso yote yalirudi yamefungiwa karanga.

Ikabidi Bwana Wilbroad akapime hali mwenyewe. Alhamisi, saa moja kasoro, akaenda kijiweni amevaa kofia ili asitambulike.

"Shikamoo, mzee Abdulatifu."

"Marahaba, Mheshimiwa Kab... Mheshimiwa. Karibu. Kofia imekupendeza."

"Nimekuja kama mwananchi wa kawaida."

"Basi kaa kwenye benchi, mwananchi. Najiat, msogezee kashata."

Saa moja ikafika. Kwenye runinga Kabuche akasema, "Awali ya yote." Mzee Abdulatifu akaendelea kumimina kahawa bila hata kugeuza shingo. Mteja mmoja akasema, "Weka mpira." Mwingine akasema, "Hakuna mpira leo." Wa kwanza akafikiri, akasema, "Basi zima."

"Hamuoni ubora?" aliuliza Bwana Wilbroad.

"Tunauona, baba," alisema mzee Abdulatifu. "Ndiyo maana tunazima. Umeme ghali."

Usingefikiri mtu mzima anaweza kuumizwa na runinga iliyozimwa. Bwana Wilbroad alirudi kwake akiburuta viatu. Alimpenda Kabuche, na hata yeye mwenyewe Alhamisi mbili zilizopita alisinzia kabla ya ajenda ya pili.

Kesho yake ikaja barua ya makao makuu. Mkurugenzi Mkuu anakuja Tabora baada ya majuma matatu. Akikuta Alhamisi imerudi kama zamani, ndani ya mkoba wake kuna barua ya kumthibitisha Bwana Wilbroad. Asipoikuta, ndani ya mkoba huo huo kuna jina la kaimu mwingine.

Bwana Wilbroad aliisoma amesimama. Miaka saba. Chaki ile.

Akamwandikia Zuwena kumsihi arudi. Barua iliingizwa masjala, ikapewa namba, ikapitia idara nne, na baada ya siku tisa ikavuka zile hatua arobaini. Jibu lilirudi dakika hiyo hiyo, limeshikwa na mlinzi wa geti. Lilikuwa neno moja: "Tumelipokea."

"Ameipokea!" Bwana Wilbroad alimwambia Josepha kwa matumaini.

Josepha alimtazama kwa huruma ya kweli. "Bosi," alisema, "wewe unafikiri neno hilo maana yake nini?"

Bwana Wilbroad akafuta miwani kwa tai. Lilikuwa swali ambalo hakuwahi kuulizwa na mtu wa ndani.

Wiki ya mwisho, katika kikao cha dharura kilichoahirishwa mara mbili, wazo likamshukia. Watu wa huku wanaweza kukosa mkutano, wanaweza kukosa hata harusi, lakini msiba hawakosi. Mheshimiwa Kabuche atakufa. Atazikwa Kwihara, mchana kweupe, matangazo ya moja kwa moja, na Mkurugenzi Mkuu atakuwa mgeni rasmi. Kamati ikapiga makofi kumi na moja.

Ulipozuka mjadala wa dini ya marehemu, ikaundwa kamati ndogo, ikaamua kwamba Kabuche alikuwa muumini wa dini zote zilizosajiliwa. Kuhusu mila hapakuwa na mjadala. Bwana Wilbroad alikuwa Mnyamwezi wa Kwihara hasa, na aliandika Mwongozo wa Mazishi ya Mhusika kwa fahari.

"Kifungu cha kumi na nne," alimwambia Josepha. "Watani watapewa nafasi yao kama mila inavyotaka. Dakika mbili. Kwa staha."

Josepha akaacha kuandika. "Watani, bosi?"

"Mnyamwezi azikwe bila watani? Wanitukane wazee wangu? Wazaramo wametutania misibani tangu enzi za misafara, wakati huo wao na sisi tunabeba mzigo mmoja. Andika: Mzaramo yeyote."

"Yeyote?"

"Yeyote. Na ule usemi wa mwisho usisahaulike, kwa ajili ya uhalisia: kama kuna anayemdai marehemu, awaone wafiwa."

Josepha akaandika yote kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote. Bwana Wilbroad akatoa soksi, akatoa muhuri, akapiga. Jioni Josepha alipotoka getini alisimama kidogo kibandani kwa Zuwena, kusalimia tu.

Alhamisi ya mazishi, Kwihara haikuonekana ardhi. Watu walikuja kwa baiskeli kutoka Sikonge na madumu ya asali yamefungwa nyuma, walikuja kwa treni kutoka Urambo, walikuja kwa miguu kutoka mjini. Bwana Wilbroad aliwahesabu mpaka elfu mbili, akaacha, machozi yanamlenga.

Chini ya turubai kulikuwa na viti vya mbele, na kama kawaida ya viti vya mbele, viongozi walivikalia. Mkurugenzi Mkuu katikati, Bwana Wilbroad kulia kwake, Kamati kando. Hakuna aliyewaambia kitu. Msibani viti hivyo ni vya wafiwa, kila mtoto wa Kwihara anajua, lakini nani amwinue mgeni rasmi? Watu wakaanza kupita mmoja mmoja, wanawapa mkono.

"Pole sana, baba. Poleni kwa kufiwa."

"Asante, asante," alijibu Mkurugenzi Mkuu, akidhani ndiyo salamu ya huku.

"Poleni."

"Tumezipokea," alisema Bwana Wilbroad.

Jeneza lilikuwa wazi nusu. Raymundi alilala humo ndani ya koti la Kabuche, mikono kifuani, akijitahidi kutopumua mbele ya kamera. Baba mdogo wa Bwana Wilbroad, mzee Silasi, ndiye aliyepewa kipaza sauti kusoma wasifu wa marehemu. Alikuwa amefika ukurasa wa sita, kwenye orodha ya semina alizohudhuria marehemu, pale vilio vilipopasuka nyuma ya watu.

"Mume wanguuu! Umeniacha na faili lisilosainiwa!"

Wazaramo wa Tabora walikuwa wamefika. Walikuja na lori zima, mzee Abdulatifu mbele na birika lake, na aliyelia alikuwa Zuwena. Akapita katikati ya watu, akafika kwenye jeneza, akamvua marehemu tai na koti.

"Dada, mimi nimekufa," Raymundi alinong'ona.

"Kufa bila koti. Unakokwenda kuna joto."

Akavivaa. Akatoa miwani, akaifuta kwa tai, kioo cha kushoto kwanza, kisha cha kulia, kisha akaitazama juani na kuhema. Akapapasa kifuani, akashtuka, akaikuta soksi ya kijivu, akaibusu. Akamgeukia mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, akamtazama kwa upole mkubwa sana.

"Tumelipokea," alisema.

Kwihara ikaanguka kwa kicheko. Bwana Wilbroad naye alicheka, alicheka kuliko wote, akampiga Mkurugenzi Mkuu begani. "Ndiye! Ndiye kabisa! Kabuche mtupu!"

Kisha akaona kwamba watu hawamtazami Zuwena. Watu elfu mbili walikuwa wanamtazama yeye. Akatazama chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika miwani, na mkono wa kushoto ulikuwa umeshika ncha ya tai.

Akaiachia polepole, kama mtu aliyeshika kitu cha jirani.

Akasimama. "Dakika mbili zimekwisha," alisema. "Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne..."

"Wilbroad, kaa chini," alisema mzee Silasi, na kipaza sauti kikalipeleka hilo kanda nzima. "Umnunie mtani msibani? Sisi ndugu zako tuweke wapi nyuso zetu?"

Akakaa. Zuwena akalisogelea kaburi, akarukia ndani, likamfika kifuani. Akaegemeza viwiko kwenye udongo kama mtu aliyefika dirisha la posta, akaghani:

"Kabuche umetuacha, nani atatupokea?
Mafaili yamechacha, mezani yanangojea.
Tulikuja kumekucha, jua likatuchwelea.
Leo wewe twakuficha, udongo umepokea!"

"Umepokeaaa!" waliitikia watu.

"Sasa sitoki humu," alisema Zuwena, "na maiti hii haishuki, mpaka mzee asome ule mstari wa mwisho."

Mzee Silasi akafunua kurasa za semina, akaufikia, akausoma taratibu. "Kama kuna anayemdai marehemu, awaone wafiwa."

Halafu yule mwanamke mwenye mtoto akapiga hatua moja. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, nakala ya kibandani.

"Mimi namdai marehemu," alisema. "Bati za zahanati. Mwaka wa sita huu. Huyu mtoto nilimzaa tumefunikwa turubai, dada yake pia."

Nyuma yake akasimama mtu wa Sikonge na kibali cha asali. Nyuma yake watu wa kalavati, kumi na wawili, na suruali zao zimekunjwa magotini kuonyesha maji yanapofika. Nyuma yao mstari ukaenda, ukapinda kwenye miembe, ukapotea. Kila mtu na nakala yake.

Mkurugenzi Mkuu akakohoa. "Mimi nadhani haya yapelekwe kwa wahusika. Mimi nimetoka makao makuu tu."

"Shikamoo, baba," Zuwena alimsalimu kutoka kaburini. "Umepokea pole ngapi tangu asubuhi?"

"Kama mia tatu."

"Basi wewe ndiye kaka mkubwa wa marehemu. Ungetuambia mapema, tungekupa mkeka."

Bwana Wilbroad alikuwa ameshika barua ya zahanati, aliyotiwa mkononi na yule mwanamke. Aliitambua tarehe. Ilikuwa ya mwaka wake wa kwanza, wakati chaki ya mlangoni ilikuwa bado mbichi. Alikumbuka hata alivyokusudia kuishughulikia baada ya chai. Mtoto wa mgongoni akanyoosha mkono, akaishika tai yake, akaivuta.

"Mama," alianza, "tume..."

Kifuniko cha jeneza kikasukumwa. Raymundi akaketi. "Samahani, bosi," alisema. "Hilo neno ni langu. Limo kwenye mkataba."

Hapo Bwana Wilbroad hakuwa na neno lingine lolote lililobaki. Akaingiza mkono kifuani, akatoa soksi, akatoa muhuri. Josepha, ambaye kwa bahati alikuwa amebeba kidau cha wino, akamshikia.

Pa.

Watu walishangilia kama Simba na Yanga zimeshinda zote siku moja. Pa, asali ya Sikonge. Pa, kalavati. Kwenye barua ya ishirini alivua koti. Kwenye ya hamsini alivua tai, akampa yule mtoto. Kwenye ya mia alikuwa anagonga kabla hajaombwa, anacheka peke yake, anauliza, "Nani mwingine? Wewe mbona umekaa nyuma?" Mkurugenzi Mkuu alisaini kando yake, kaka wa marehemu, jasho linamtiririka, na kila akitaka kupumzika mtu alimpa pole, akaendelea. Kamera haikupepesa. Mjini watu wasioweza kusafiri walijazana kijiweni ambako hapakuwa hata na mtu wa kumimina kahawa, wakatazama muhuri ukipanda na kushuka kwa saa tatu mfululizo bila kukohoa.

Ilikuwa sehemu bora kuliko zote arobaini za mwanzo. Barua za pongezi zilijaza gunia.

Jumatatu, barua ya makao makuu ikafika mlango wa tatu kulia. Bwana Wilbroad aliifungua kwa vidole vyenye madoa ya wino. "Ninayo furaha kukujulisha," ilisema, "kwamba kuanzia tarehe ya leo ukaimu wako umekoma, nawe unathibitishwa." Akalia. Josepha akampa kitambaa, kwa kuwa tai haikuwapo, akamwonyesha kwamba kuna ukurasa wa pili.

"Unathibitishwa kuwa Mheshimiwa Kabuche, nafasi iliyoachwa wazi kwa kifo cha mhusika. Utagonga muhuri kila Alhamisi mbele ya kamera, kwa barua za kweli, mpaka kabati liishe. Nafasi ya kaka yake, kwa amri ya bodi na kwa masikitiko yangu, ninayo mimi. Kazi ya Mkurugenzi wa Mamlaka itafanywa na mwandishi wa tamthilia, kwa kuwa imeonekana anayafahamu mafaili."

Alhamisi ikafika. Kibao cha mlango kilikuwa na jina la Zuwena kwa rangi ya mafuta. Ndani, taa ziliwaka, kamera ikasogea, na mtu wa kwanza akaingia na karatasi yake. Bwana Wilbroad, amethibitishwa, amepakwa poda, akamtazama kwa upole wa miaka saba.

"Tumeli..."

"Kata!" alisema Zuwena. "Rudia. Na safari hii, muhuri kwanza."